Namna ya kuandika habari za kijiji chako, we mtu wa pwani ya Tanga

Haya jamani, wengi mnataka kuandika habari za vijiji vyenu muziweke mtandaoni, alafu mtu akifungua anakuta "kijiji chetu kina watu wakarimu na mandhari nzuri" basi imeisha. Kijiji gani kitakwambia watu wake wachoyo? Mi ushauri wangu ni mmoja, anza na maji. Yako wapi, matamu au ya chumvi, yanajaa lini yanatoka lini, nani anayafata na ndoo. Ukimaliza maji nusu ya kijiji ushaiandika.

Hili nimelipata kwa kusoma habari za vijiji vya Wabengali, kule Bangladesh na upande wa Bengali ulioko India. Nchi yao tambarare, imejengwa na tope la mto Ganges na Brahmaputra, msimu wa mvua mito inafurika mpaka mashambani, sasa mtu akitaka kujenga anachimba udongo anaurundika kwanza ndo nyumba inakaa juu yake, na lile shimo linajaa maji linakuwa bwawa, wenyewe wanaita pukur, humo wanafuga samaki, wanaoga, wanaosha vyombo, na pale kwenye ngazi za kushukia majini ndo watu wanakutana kupeana habari. Yani shimo moja limekupa ardhi, kitoweo na umbea wa kijiji kizima. Hata mpunga wao unafata maji, ule wa aman unakua na mvua wanavuna kuelekea Desemba, ule wa boro ni wa kiangazi na lazima umwagilie. Ukielezea hivyo msomaji anaona mwenyewe kwa nini watu wanaishi vile wanavyoishi.

Sasa rudi kwetu. Kwanza mahali, na usiseme "karibu na Pangani", karibu ya nani? Sema kutoka Tanga mjini mpaka Pangani ni kama kilomita 50 na kijiji chako kiko wapi hapo katikati, upande wa bahari au wa bara, ukishuka kwenye gari unatembea muda gani au bodaboda inafika, na masika ile njia inapitika? Alafu panga kitongoji, kijiji, kata, tarafa, wilaya, mkoa. Walioko Mkinga wakumbuke wilaya yao ilimegwa kutoka Muheza, kwa hiyo maandishi ya zamani yatawataja huko, sema hilo mapema watu wasichanganyikiwe.

Maji ndo ukae hapo kwa raha zako. Kama una bahari, usiandike "tunavua samaki". Andika bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali kabisa mwamba unabaki mkavu na kinamama wanashuka kuchokoa pweza, kila mtu na kijiti chake na ndoo, wanatazama lile tundu lenye vigamba vya kaa na chaza vimetupwa mlangoni maana pweza akila hatupi mbali, na kazi yenyewe ni ya masaa machache tu kabla maji hayajageuka. Maji mafu, yani siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana, wanabaki nyumbani wanasuka makuti. Hapo ushaeleza kwa nini kikao cha kinamama hakiitishwi siku za bamvua, na mtendaji mgeni akikiita kimeo chake, anakuta viti vitupu. Weka na pepo, kusi kuanzia kama Mei bahari inachafuka wenye ngalawa ndogo wanabaki upande wa ndani wa mwamba, kaskazi ikiingia wanatoka nje, na ukitaka kujua miezi ambayo pesa inaonekana dukani fata hizo pepo. Kama mnalima mwani au mna mikoko elezea pia, na kama mpo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki wa kale) iliyoanzishwa 2009 itaje, maana inabadilisha nani anavua wapi na kwa nyavu gani.

Wa bara msijione mmeachwa. Muheza andikeni machungwa na msimu wake, walioko miteremko ya Amani waandike mito, na maji ya mto Zigi ndo yanazuiliwa kwenye bwawa la Mabayani wanakunywa watu wa Tanga mjini, sasa kijiji cha juu kikilima mpaka kingo za mto wa chini wanakunywa tope. Hiyo ni jiografia, sio kutaja milima tu.

Kisima nacho. Nenda asubuhi kabla jua halijachomoza, angalia nani yuko kwenye foleni, ndoo zimepangwa vipi, nani anaachiwa apite mbele (mara nyingi mwenye msiba au mama aliyejifungua juzijuzi). Utajua heshima za kijiji kuliko ukiuliza.

Uongozi pita haraka, mwenyekiti, mtendaji, halmashauri ya kijiji ya watu 15 mpaka 25, na mkutano mkuu unaotakiwa kila baada ya miezi mitatu, sema tu kwenu unaitishwa kweli au la. Idadi ya watu usikisie, sensa ya 2022 ina takwimu za kata, tumia hizo na mwaka uweke.

Historia waulize wazee zaidi ya mmoja na wakipishana andika zote, ila kitu kinachoonekana kiandike kinavyoonekana. Tongoni kwa mfano kuna gofu la msikiti na makaburi yenye nguzo, na Wareno wa Vasco da Gama walipita maji hayo 1498 na mwaka uliofata wakachoma meli yao moja kwenye fungu la kule, hilo lina ushahidi. Jini la mbuyuni liandike kama wasemavyo watu.

Mambo ya kuacha: majina ya watu bila ruhusa, nani kijumbe wa upatu na hela zinalala wapi, nani ana ugomvi wa shamba na nani. Na mzimu au kaburi ambalo wenyewe hawataki lipigwe picha, acha kabisa.

Ukimaliza wasomee barazani kabla hujaposti, utakosolewa mpaka ukome ila ndo utapata yale uliyosahau. Picha ya diko, pale vyombo vinapofikia pwani, ipige asubuhi madau yakirudi, mchana utaambulia mchanga na mbuzi.