Kuuza gari yako ya spoti ya milango miwili mwenyewe bila dalali (Dar), hatua kwa hatua

Wadau, gari ya milango miwili haiuziki kama IST. IST ukiitangaza asubuhi jioni simu zinaita, maana anayeitaka ni kila mtu. Toyota 86, Celica, Fairlady Z au RX-8 anayeitaka ni mtu mmoja mmoja sana, na huyo mtu mara nyingi ameshaisoma hiyo gari usiku na mchana kabla hajakupigia. Dalali hawezi kujibu maswali yake. Dalali anachoweza ni kuweka cha juu, wewe unataka milioni 30 yeye anamwambia mteja 34, mteja anakimbia na wewe hujui hata kama alikuja. Kwa hiyo gari ya aina hii iuze mwenyewe, na unachouza hasa ni historia ya gari. Mimi nashughulika na hizi gari kila siku na naandika kwa Tanzania, nchi zingine wana utaratibu wao.

Hatua ya 1: Kadi

Kabla ya kupiga picha yoyote toa kadi ya gari, nenda nayo mpaka kwenye gari, soma namba ya chesisi, namba ya injini, rangi na jina, kimoja kimoja. Hizi gari zinaongoza kwa kubadilishwa vitu. Kadi inasema nyeupe na gari sasa hivi ni nyekundu, au injini iliyomo sio iliyoandikwa, RX-8 nyingi zilitolewa rotari (injini yake ya kiwandani isiyo na pistoni) zikawekwa injini nyingine kabisa. Kama kimebadilika chochote nenda TRA ukarekebishe kwanza, usimwachie mnunuzi huo mzigo, atakukata hela nyingi kuliko gharama yenyewe au ataondoka tu.

Jina nalo. Wengi wanaendesha gari ambayo kadi bado ina jina la aliyewauzia, na huyo jamaa simu haipatikani. Hapo huna cha kuuza mpaka umpate. Na kama kadi iko benki kwa sababu ya mkopo, mwambie mnunuzi siku ya kwanza.

Alafu cheki madeni, ya trafiki kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, ya parking kwa TARURA. Lipa yote na tunza risiti. Mnunuzi makini atacheki mwenyewe akiwa amesimama mbele yako, na akikuta faini ya spidi zimepangana kwenye gari ya spoti anaanza kujiuliza ilikuwa inaendeshwaje.

Kama bado una karatasi ya mnada ya Japani, ile yenye grade na mchoro wa gari uliowekewa alama za mikwaruzo, hiyo ni dhahabu. Iweke kwenye faili moja na risiti za sevisi hata zile za kuandikwa kwa mkono, andika kilometa za kila sevisi.

Hatua ya 2: Gari yenyewe

Ipeleke kwa fundi anayeijua, sio fundi wa mtaani anayejua Toyota za kawaida. Chukulia 86 ya kwanza, ile ZN6 iliyotoka 2012: injini yake ni FA20 ya Subaru, silinda zimelala ubavuni, kubadilisha plagi mkono haupiti vizuri, kwa hiyo mafundi wengi wanairuka hiyo kazi na kukwambia plagi ni nzima. Mnunuzi anayejua atakuuliza zimebadilishwa lini. Na atakuuliza kuhusu springi za valvu, maana 2018 Subaru walitangaza kurudisha gari zilizotengenezwa miaka ya mwanzo kwa ajili ya hizo springi, BRZ na 86 zikiwemo. Jua yako iko upande gani kabla hujaulizwa. Kwa RX-8 swali ni kompresheni (injini inabana hewa kwa nguvu kiasi gani), na rotari inapimwa kwa kifaa chake, kile cha injini za kawaida hakikupi majibu ya kueleweka. Tafuta anayekipima upate karatasi.

Rekebisha vitu vidogo vya usalama na vinavyowasha taa kwenye dashibodi. Ila nakuomba usipige rangi gari nzima ili iuzike. Rangi mpya kwenye gari ya spoti inamwambia mteja iligongwa, hata kama haijagongwa. Mikwaruzo ya chini ya bampa ya mbele kila gari ya chini Dar inayo kwa sababu ya matuta, iache, ipige picha uioneshe.

Kama uliifunga ekzosti kubwa, springi fupi au rimu nyingine na vile vya kiwandani bado unavyo, vitoe stoo uviweke pembeni ya gari siku ya kuonesha. Wengine wanataka gari kama ilivyotoka kiwandani, na vile ulivyofunga unaweza kuviuza peke yake ukapata zaidi.

Hatua ya 3: Bei

Hapa watu wengi wanaangalia tangazo la mwenzao na kuandika hiyo hiyo. Fanya hivi: jiulize mnunuzi akiagiza ya kwake Japani leo, mwaka ule ule, itamfikia bei gani mpaka inapata namba? Ingia tovuti ya TRA, wana kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika, weka modeli na mwaka, kinakupa kodi. Ongeza bei ya kununulia kule, meli, gharama za bandari. Na kumbuka gari ndogo ya miaka 8 mpaka 10 inaongezewa ushuru wa uchakavu 15%, ya zaidi ya miaka 10 ni 30%. Kwa hiyo 86 ya 2012 ambayo ilishaingia nchini na kulipiwa kila kitu ina thamani kuliko unavyodhani, maana kuileta nyingine ya umri huo leo ni hela ndefu. Huo ndio ukuta wako wa juu. Teremka kutoka hapo kwa kilometa, hali ya gari na namba (kama ni namba C au D mteja ataitaja tu, namba E zipo barabarani), uwe na bei ya tangazo na bei ya mwisho ambayo humwambii mtu kwenye simu.

Hatua ya 4: Picha na tangazo

Piga picha asubuhi kabla jua halijawa kali, gari imeoshwa, namba inaonekana au imefichwa ni uamuzi wako. Piga na zisizopendeza: siti ya dereva upande ilipochakaa, tairi, kilometa, injini bila kuipulizia mafuta ya kung'arisha. Maneno ya "haijawahi kugongwa, full AC, bei maelewano" kila mtu anaandika hayo hayo hayauzi kitu. Andika aina ya chesisi (kama ZN6), gia ni manyo au oto, sevisi ya mwisho, na kasoro zake kwa majina.

Hatua ya 5: Wateja

Utapata vijana wengi wanaotaka kusikia mlio tu. Waheshimu ila uliza kwenye simu, unalipa kesh au benki, unataka lini, umewahi kuendesha inayovutwa na tairi za nyuma? Majibu yatakuonesha.

Akija, usiwe umeiwasha kabla. Mteja anayejua anaanza kushika boneti kama ni ya moto, maana injini iliyopashwa inaficha milio ya asubuhi. Alafu anaenda nyuma, anainua kapeti ya buti, anapitisha kidole kwenye maungio ya chuma kutafuta sehemu iliyonyooshwa au kuchomelewa. Mwache achukue muda wake.

Kwenye kujaribu barabarani, endesha wewe kwanza mpaka injini ipate moto kisha mbadilishane. Chukua leseni na kitambulisho chake, na anapanda yeye peke yake, rafiki zake wanasubiri. Funguo haitoki mkononi mwako kwenda "kumwonesha mke wangu hapo tu". Hata akija na suti.

Hatua ya 6: Hela na transfa

Kutaneni benki, mchana. Hela iingie kwenye akaunti yako na wewe uione kwa kuangalia salio mwenyewe, sio meseji, sio picha ya risiti, na hundi usipokee. Hela kubwa kati ya benki mbili inaweza kupita TISS (mfumo wa kuhamisha hela kati ya benki) ikaingia siku hiyo hiyo, kwa hiyo "itaingia kesho nipe gari leo" haina sababu.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili na mashahidi, uwe na namba ya gari, chesisi, injini, kilometa, bei, tarehe na SAA ya kukabidhi. Saa ina maana, tukio likitokea jioni ile unaonesha gari ilishatoka kwako. Bei iandikwe ya kweli. Watu wanaandika ndogo ili kupunguza ushuru wa stempu wa 1%, alafu ugomvi ukitokea karatasi inaonesha uliuza milioni 10.

Kisha nendeni TRA wote, na TIN zenu, vitambulisho, picha, kadi halisi na mkataba. Ada ya kuhamisha umiliki ni 50,000 na kadi mpya 10,000, juu yake ule ushuru wa stempu, kubalianeni mapema nani analipa. Usikubali "nitabadilisha mwenyewe baadaye", faini zote zitaendelea kuja kwa jina lako. Kama lazima aondoke na gari kabla kadi haijatoka, basi aondoke mkiwa mmeshawasilisha maombi na wewe una nakala.

Piga simu kampuni ya bima usitishe au uhamishe, ondoa tangazo kila ulipoliweka, na nakala ya kadi mpya yenye jina lake weka pamoja na mkataba.