Namna ya Kuchagua Mahakama Unapoishtaki Kampuni ya Marekani kwa Kuvunja Hataza

Fundi wa Ujiji aliyebuni mashine ya kukamua mawese, akasikia kuwa kampuni ya Marekani inauza mashine kama yake, kwa kawaida huanza kukusanya ushahidi wa kuigwa. Swali linalotangulia ni mahakama ipi ina mamlaka ya kuiita kampuni hiyo. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, ikisajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hulinda ndani ya Tanzania Bara tu. Kwa mauzo ya Marekani huna budi kuwa na hataza ya huko, na shauri lake hufunguliwa katika mahakama za shirikisho.

Tafuta kwanza jimbo ambako kampuni imesajiliwa na lile yaliko makao yake makuu, kwa kuwa, kwa mujibu wa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika shauri la Daimler la 2014, huko ndiko inakoweza kushtakiwa kwa dai lolote. Kwingineko ni lazima uoneshe kwamba kampuni ililiendea soko la jimbo hilo kwa makusudi na kwamba dai lako limetokana na shughuli hizo, kanuni ambayo mizizi yake ni shauri la International Shoe la 1945. Tovuti inayosomeka popote ni ushahidi hafifu. Ankara yenye jina la muuzaji, aina ya mashine, tarehe na anwani ya mteja wa Texas ina uzito zaidi, lakini usimwagize ndugu yako akanunue ili muipate, maana mahakama huyatilia shaka mauzo yaliyopangwa na mdai mwenyewe.

Wengi hudhani kazi imeishia hapo, kumbe bado kuna suala la wilaya ya kimahakama, yaani eneo la mahakama ya shirikisho, ambalo huwa jimbo zima au sehemu yake. Tangu hukumu ya mahakama hiyo ya juu katika shauri la TC Heartland la 2017, kampuni ya Marekani hushtakiwa kwa kuvunja hataza katika jimbo iliposajiliwa, au katika wilaya ambako imevunja hataza na pia ina mahali pa kudumu pa biashara. Katika shauri la Cray la mwaka huohuo, nyumba ya mfanyakazi aliyefanyia kazi kwake haikuhesabiwa kuwa mahali pa kampuni. Kwa hiyo mimi ningeanzia jimbo la usajili, hata kama wateja wako mbali nalo. Mdaiwa akiwa kampuni ya nje ya Marekani, sharti hilo la wilaya halimhusu, na mahakama inaweza hata kutazama shughuli zake katika nchi nzima iwapo hakuna jimbo lenye mamlaka juu yake.

Kabla ya kuitumia kampuni barua ya onyo, mwombe wakili wako awasilishe katika ofisi ya hataza ya Marekani jina na anwani ya mkazi wa huko atakayepokea hati kwa niaba yako. Mwenye hataza anayeishi nje asipofanya hivyo, Mahakama ya Wilaya ya Mashariki ya Virginia huwa na mamlaka juu yake akishtakiwa kuhusu hataza hiyo, na wito wa kumwita unaweza kutolewa kwa tangazo, bila karatasi yoyote kufika Kigoma.