Kitako cha mbao au cha plastiki? Anza na mtutu

Bunduki iliyorekebishwa shabaha Arusha mwezi wa nne, mbao ikiwa imekunywa unyevu wa masika, inaweza isipige palepale ikifika Longido mwezi wa tisa. Mbao imekauka na kujipinda kidogo, ncha yake inaegemea mtutu upande mmoja, na risasi inahama. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu uzuri, angalia jinsi kitako kinavyokaa na chuma. Kitako hapa ni mwili wote unaobeba mtutu, si kipande cha begani tu.

Toa magazini, toa bolti (komeo la nyuma), chungulia chemba, yaani tundu risasi inamokaa, uhakikishe haina risasi. Chukua noti ya shilingi 1,000, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia nchani kurudi kwenye chemba. Ikiteleza bila kukwama, mtutu uko huru. Sasa bana ncha ya kitako na mtutu pamoja kwa kiganja, kisha vuta noti tena. Vitako vingi vya plastiki ya bei nafuu hushindwa hapo, maana ndani ni vitupu na hujikunja. Ukiegemeza bunduki kwenye kichuguu au ukikaza mkanda, plastiki inagusa mtutu. Kitako kama hicho ni kibaya kuliko mbao nzuri, hata kama mvua hakiiogopi. Ila viwanda vingine huacha kinundu karibu na ncha kwa makusudi, kiuegemee mtutu. Usikisage kabla hujapiga karatasi ukaona matundu yanavyokaa.

Faibaglasi iliyotandazwa kwa mkono ni habari nyingine: ngumu, haivimbi, na ndiyo tungependekeza kwa anayetembea porini kiangazi na masika kwa bunduki moja. Kasoro zake ni bei, na ule mkwaruzo unaosikika mwiba wa mgunga ukipita ubavuni. Halafu wepesi. Bunduki ya risasi kubwa ya .375 yenye kilo 4 na zaidi inavumilika begani. Ukiipunguzia nusu kilo kwenye kitako, teke lake utalisimulia.

Mbao za matabaka yaliyogandishwa kwa gundi hazijipindi kirahisi kama mbao nzima, lakini ni nzito. Kwa bunduki ya teke kubwa, uzito huo ni faida.

Ukitaka mbao nzima, walnati (mti wa jozi) ndiyo ya jadi, na mninga wetu nao hukaa imara ukikaushwa vizuri. Mpingo usahau: ni mzito kiasi cha kuzama majini. Tazama shingo ya kitako, pale kidole gumba kinapopita. Nyuzi za mbao zifuate shingo kwa urefu wake; zikiikata kwa mshazari, hapo ndipo kitapasuka. Mapambo ya nyuzi yabaki nyuma, begani. Sehemu ya pili ya kupasuka ni nyuma ya mkia wa chuma, ule ulimi unaolala juu ya shingo. Pawe na mwanya wa karibu milimita 1, vinginevyo kila teke linageuza mkia kuwa patasi. Teke lipokelewe na jino lililo chini ya chemba, likiwa limelala sawasawa kwenye epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu. Kazi hiyo ni ya fundi silaha mwenye leseni, si ya seremala wa mtaani Unga Limited, Arusha, hata awe hodari vipi kwa makabati.

Kwenye plastiki, epoksi mara nyingi haishiki. Fundi aparuze kwa msasa mkali na kutoboa vitundu vya kuing'ang'anizia. Skrubu zinazofunga chuma kwenye kitako cha mbao kisicho na nguzo (vibomba vya chuma au alumini vinavyozizunguka) hukazwa takribani nyutoni-mita 4; kwenye kitako chenye nguzo za alumini, 5 hadi 7, isipokuwa kiwanda kiseme vingine.

Maji huingilia pasipoonekana: ndani ya machimbo ambamo chuma kinakaa na chini ya mpira wa begani. Paka vanishi nyepesi huko mara mbili. Mafuta ya kitani peke yake hayazuii unyevu. Matambara yenye mafuta hayo yaanike yakiwa yametandazwa, kwani yakirundikwa huwaka yenyewe. Bunduki ya mbao ambayo chuma chake kimetoka kupakwa mafuta ya bunduki isimamishe mtutu ukiangalia chini, mafuta yasichuruzike shingoni na kuilainisha. Na dawa ya mbu ya kupaka ifute viganjani kwanza: yenye DEET hula vanishi na plastiki kadhaa vilevile.