Kabla daktari mpya hajamgusa mgonjwa: ninavyokagua faili lake

Kazi yangu ni mafaili ya madaktari. Siku moja nilipiga namba iliyochapwa juu ya barua ya utambulisho, yenye nembo na muhuri kabisa. Ikapokelewa: "Haloo, nani mwenzangu?" Nyuma mtoto analia. Hiyo ndiyo ilikuwa "ofisi ya mganga mkuu".

Tangu hapo namba siichukui kwenye barua, naitafuta mwenyewe. Leseni naliuliza baraza lililoitoa, shahada nakiuliza chuo, na majibu yanakuja kwangu moja kwa moja. Nakala iliyopita mikononi mwa mwombaji, hata ikiwa na muhuri wa wakili, bado haijathibitisha kitu. Daktari mmoja, Michael Swango, alihukumiwa kifungo cha miaka 5 huko Illinois, Marekani, mwaka 1985, kwa kuwawekea wenzake kazini sumu. Mwaka 1992 hospitali ya South Dakota ikamwajiri: alileta karatasi za kughushi zilizofanya kosa lile lionekane ugomvi wa ngumi tu.

Wasifu usome kwa miezi. Aliyeacha kazi Januari 2018 akaanza kwingine Desemba 2019, ukitazama miaka peke yake utaona kaunganisha, kumbe kuna pengo la karibu miaka 2. Pengo si kosa, huenda alikuwa anauguza mzazi. Muulize, andika jibu, kisha lithibitishe.

Wadhamini wawe watu waliofanya naye kazi karibuni. Ukiwauliza kama ni daktari mzuri, wote watasema ndiyo. Mimi huuliza, "Ungemchukua tena?" na kusikiliza anachukua muda gani kujibu.

Leseni inasema huyu ni daktari. Haisemi anaweza kutoa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo. Kwa hilo omba orodha ya aliowafanyia na walivyoendelea. Mkuu wa idara apendekeze, kamati ijadili, bodi iamue. Mkuu akiwa rafiki yake au mshirika wake wa biashara, atoke chumbani.

Kisha atakuja mkurugenzi: zamu ya Ijumaa haina daktari wa usingizi, malizia tu faili. Idhini ya muda ipo, lakini leseni iwe imeshathibitishwa, na iandikwe tarehe ya mwisho na kazi anazoruhusiwa. Akizidi kunisukuma, nampa karatasi moja: orodha ya yasiyothibitishwa, na chini nafasi ya saini yake. Hadi leo hakuna aliyeisaini.