Kabla ya kumtia paka dawa ya viroboto: mambo ya kuangalia ukiwa bado dukani

Ukiingia duka la dawa za mifugo hapa Tabora, karibu kila chupa iliyo rafuni ni ya ng'ombe, mbuzi au kuku. Ndivyo biashara ilivyo. Wafugaji wa Igunga, Nzega na Uyui ndio wateja wakubwa, na mwenye duka huleta kinachotoka. Paka hana fungu lake. Kwa hiyo anayeuliza dawa ya viroboto vya paka hupewa kirahisi dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuambiwa "weka kidogo tu". Hiyo "kidogo tu" ndiyo ninayokuomba uikatae hapo hapo, kabla hujatoa hela.

Sababu iko kwenye ini. Ini la paka limepungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja baadhi ya kemikali ambazo mbwa au binadamu huzimaliza bila shida. Permethrini, dawa ya kiwandani iliyoigwa kutoka kwenye pareto, mbwa huivumilia. Kwa paka hukaa mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu: masikio yanaanza kurukaruka, kisha mwili mzima unatetemeka, mate yanamtoka, anapata degedege na joto linapanda. Dalili huweza kuanza ndani ya saa chache au zikachelewa hadi siku ya tatu. Upungufu huo huo ndio unaofanya kidonge kimoja cha parasetamoli kitoshe kumuua paka. Halafu paka hujilamba kutwa, kwa hiyo chochote unachompaka manyoyani, hesabu kwamba umemlisha.

Kabla ya kwenda dukani, hakikisha kwanza kuwa ni viroboto kweli, maana paka hujikuna pia kwa ukurutu au kwa utitiri wa masikioni. Chukua kitana cha chawa, mchane kuanzia shingoni hadi mwanzo wa mkia, halafu kung'utia uchafu kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Ukiona chembe nyeusi kama unga wa pilipili manga zinaanza kuacha doa jekundu, ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya paka wako iliyokauka. Zisipoacha rangi, huenda ni vumbi tu, na hakuna haja ya kununua dawa siku hiyo.

Ukifika dukani, dawa ya kupimiwa usiichukue. Najua ni rahisi: mia tano au elfu moja, unamiminiwa kwenye kichupa cha maji au kwenye bomba la sindano, unaondoka. Lakini kichupa hicho hakina jina la dawa, hakina nguvu yake wala tarehe ya mwisho, na paka akizidiwa saa nne usiku hakuna daktari atakayejua anapambana na nini. Omba chupa au pakiti yenye lebo, kisha isome ukiwa umesimama pale pale. Neno paka lazima liwepo. Picha ya mbwa peke yake haitoshi, hata kama muuzaji anasema ni sawa. Tafuta kiambata halisi, yaani jina la kemikali inayoua wadudu. Kwenye lebo majina hayo huandikwa kwa Kiingereza, na ukiona linaloishia na herufi t-h-r-i-n kwenye dawa isiyotajwa kuwa ya paka, irudishe rafuni. Fanya hivyo pia kwa amitrazi, ambayo ni dawa ya kupe wa ng'ombe, na kwa diazinoni na klofenvinfosi. Angalia tarehe, umri na uzito wa mnyama unaoruhusiwa. Muulize muuzaji kama dawa imesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa sababu dawa za mifugo nazo ziko chini ya mamlaka hiyo.

Zinazofaa zipo. Fipronili, selamektini na imidaklopridi hutengenezwa kwa kipimo cha paka, kwa kawaida kwenye kikapsuli cha kudondoshea ngozini nyuma ya shingo, mahali ambapo ulimi haufiki. Selamektini na imidaklopridi ni za viroboto hasa, kwa hiyo kama shida yako ni kupe, mwambie daktari hivyo waziwazi. Kuna pia kidonge cha nitenpiramu, kinachoua viroboto wakubwa ndani ya saa chache ila nguvu yake huisha kwa siku moja hivi. Dawa mpya za jamii ya fluralana hudumu muda mrefu zaidi, lakini mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba jamii hiyo inaweza kusababisha mitetemeko na degedege kwa baadhi ya wanyama. Paka aliyewahi kupata kifafa asipewe bila daktari wa mifugo kujua. Kama hapa mjini hakuna, bora kuagiza Mwanza au Dar es Salaam ije kwa kifurushi cha basi. Viroboto wa wiki moja zaidi paka mkubwa mwenye afya atawahimili.

Tukiwa mkoa wa tumbaku, lazima niitaje. Wapo wanaoloweka majani ya tumbaku na kumwogesha mnyama kwa maji yake, wakiamini cha shambani hakina madhara. Nikotini ni sumu kali, na inapenya hata kwenye ngozi. Mafuta ya taa nayo humchubua, na akijilamba yakaingia mapafuni ni hatari kubwa. Mafuta ya mwarobaini yaliyokolea, unga wa kunyunyizia kuku na dawa ya mbu ya kopo, vyote viache.

Uzito usikisie. Panda kwenye mizani ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, utoe. Ukitaka kuona kwa nini nasisitiza, chukua sindano ya ivermektini ya ng'ombe ya asilimia 1, ambayo hupimwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Kwa hesabu hiyo paka wa kilo 3 angepata mililita 0.06, kiasi ambacho hukipimi kwa jicho kwenye bomba la kawaida. Tone likizidi kidogo, kipimo kimekuwa mara mbili au tatu. Tena kwa viroboto dawa hiyo si ya kutegemewa, kwa hiyo unajitia kwenye hatari bure.

Watoto wa paka wa chini ya wiki 8 dawa nyingi za kudondoshea haziwafai. Hao wachane kila siku, waoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uwakaushe vizuri. Wafunue midomo uangalie fizi: zikiwa nyeupe badala ya waridi, viroboto wamemaliza damu, na hapo ni kwenda kwa daktari leo leo. Mwenye mimba na anayenyonyesha pia aulizwe kwa daktari kwanza.

Chagua siku ya kazi, asubuhi, utakapokuwa nyumbani na daktari anapatikana. Usiogeshe paka siku mbili kabla na mbili baada. Kabla ya kufungua pakiti, weka karibu sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, taulo, boksi lenye matundu, namba ya daktari wa mifugo na ya bodaboda unayemwamini. Akianza kutetemeka, muoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni hiyo, umkaushe, umfunike, umkimbize akiwa pamoja na pakiti ya dawa. Usimtapishe. Wala maziwa hayasaidii, kwa sababu sumu iko ngozini. Nyumba yenye mbwa aliyepakwa permethrini, watenganishe mpaka dawa ikauke kabisa, hasa kama wamezoea kulala pamoja.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Viroboto unaowaona mwilini ni wachache. Mayai hudondoka kwenye mkeka, kochi na vumbi la sakafu, na viluwiluwi wakishajifunga kwenye vifuko huweza kungoja miezi kabla ya kutoka. Kwa hiyo fagia kila siku hadi pembeni, fua matandiko kwa maji ya moto, anika juani, na urudie dawa ya paka kwa tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti, si mapema zaidi. Siku ya kupuliza dawa nyumbani, paka atoke hadi pakauke. Kupe mmoja mmoja mng'oe kwa kibanio ukimshika karibu na ngozi, bila moto wala mafuta ya taa. Papasi wa kwenye nyufa za kuta za udongo, anayeleta homa ya papasi kwa watu, dawa ya paka haimgusi. Huyo dawa yake ni kuziba nyufa.

Safari hiyo hiyo ya dukani, ulizia dawa ya minyoo ya paka. Paka akijilamba humeza viroboto, na ndani ya viroboto hao huweza kuwamo vijidudu vichanga vya minyoo ya tegu. Vipande vyake utaviona chini ya mkia au pale anapolala, vyeupe kama punje za mchele, vingine bado vinajikunjakunja.