Jinsi ya kumfundisha mtoto mdogo kwa katuni za TV, na kwanini lazima ukae naye

Mtoto wangu wa pili alipofika miaka mitatu na nusu alikuwa anahesabu mpaka ishirini bila kukosea, wageni wakija anasimama katikati ya sebule anaimba moja mbili tatu mpaka mwisho na watu wanapiga makofi, mimi mwenyewe nilishaamini huyu hesabu kazimaliza. Siku moja niko jikoni nikamwambia niletee viazi vinne. Akaleta alivyoweza kukumbatia. Nikasema haya tuhesabu, akahesabu vizuri tu mpaka saba, alafu nikamuuliza, kwahiyo viko vingapi? Akaanza upya, moja, mbili, tatu...

Hapo ndo nikaelewa kwamba wimbo wa namba anao lakini namba yenyewe bado hana. Katuni ilikuwa imefanya nusu ya kazi na nusu iliyobaki ilikuwa inanisubiri mimi. Tangu siku hiyo nimebadilisha kabisa jinsi tunavyoangalia TV nyumbani, na naandika hapa ninavyofanya ili mwenye mtoto wa miaka mitatu mpaka sita ajaribu.

Kwanza umri. Kama mtoto hajafika miaka miwili, achana na TV kwanza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kuhusu watoto chini ya miaka mitano, likasema wa mwaka mmoja kushuka chini asikalishwe mbele ya skrini, na kuanzia miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mtoto mchanga anajifunza kwa uso wako na sauti yako, ukimwonyesha kijiko kwa mkono wako anakielewa haraka kuliko kijiko cha kwenye TV. Kwahiyo mbebe, ongea naye, mwimbie, inatosha sana.

Sasa kuchagua katuni. Sio kila kitu chenye rangi na wanyama wanaoongea kinafundisha. Mimi naangalia vitu vitatu: kipindi kina jambo moja au mawili tu ya kujifunza, hakikimbii yaani picha hazibadiliki kila baada ya sekunde mbili, na wahusika wanauliza swali alafu WANANYAMAZA kumpa mtoto nafasi ya kujibu. Hicho cha kunyamaza ndo kikubwa. Kwa Kiswahili tuna bahati, Akili and Me inatengenezwa hapahapa Dar es Salaam na shirika linaloitwa Ubongo, hao hao walioanza na Ubongo Kids mwaka 2014 kwa watoto wakubwa kidogo walioanza shule. Akili ni binti wa miaka minne anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, akilala anaingia Lala Land kwa marafiki zake wanyama na huko ndo wanajifunza namba, herufi, maumbo, hisia. Utafiti uliofanyika Morogoro ulikuta watoto walioangalia hii katuni walipiga hatua kwenye kutambua namba, kuhesabu, maumbo na kuchora kuliko wenzao walioangalia vipindi vingine. Mlioko Kenya kuna chaneli nzima ya watoto inaitwa Akili Kids, ilianza 2020 na hailipiwi, ila msichanganye majina, chaneli ni kitu kingine na yule Akili wa katuni ni mwingine.

Kama unatumia YouTube, jamani zima ile ya video kujiendeleza yenyewe. Unamwekea ya namba, unaenda kuanika nguo, ukirudi dakika ishirini baadaye anaangalia mtu mzima anafungua midoli na hujui imefikaje pale. Bora udaunilodi vipindi vitatu vinne usiku bando likiwa rahisi, ukamwekea hivyo hivyo.

Alafu rudia. Hapa wazazi wengi hatupaelewi, tunadhani mtoto lazima apate kipindi kipya kila siku kama sisi na tamthilia zetu. Mtoto wa miaka minne anapenda kurudia na kurudia ndo kunamfundisha. Kule Marekani mwaka 1996 walipoanza kipindi cha watoto kinaitwa Blue's Clues walikuwa wanarusha kipindi kilekile siku tano mfululizo, na walipofuatilia wakaona watoto hawachoki, kadiri siku zinavyosogea ndo wanazidi kujibu maswali kwa sauti. Mimi nafanya hivyo hivyo, kipindi kimoja kwa wiki. Jumatatu anaangalia tu ameduwaa, usimuulize kitu. Jumanne anaanza kuimba vipande. Ikifika Alhamisi anajibu kabla hata Akili hajamaliza kuuliza, na hapo ndo utajua somo limeingia au ni wimbo tu umeingia.

Na ukae naye. Najua utasema muda huo ndo napikia, ndo napumzika, nakuelewa kabisa kwasababu na mimi nilikuwa hivyo. Lakini ni nusu saa, na sio lazima kila siku, siku mbili au tatu kwa wiki zinaleta tofauti kubwa. Waliotengeneza Sesame Street mwaka 1969 walilijua hili mapema, ndo maana waliweka vichekesho vya watu wazima na wageni maarufu ndani ya kipindi cha watoto, walitaka mzazi avutike akae pembeni ya mwanae. Ukikaa huhitaji kuwa mwalimu. Yule kiboko rafiki yake Akili akiuliza ngapi zimebaki, wewe mgeukie mtoto kama vile na wewe hujui. Akikosea usimkatize, mwambie hebu tuone, subirini jibu pamoja. Kama nyumbani anayeshinda na mtoto ni dada au bibi, kaa nao wote mara moja uwaonyeshe, usiishie kusema mwekee katuni za masomo. Dada wetu nilipomwambia kazi yake ni kujibu kwa kelele pamoja na mtoto alifurahi kweli, na mwenyewe akawa anabuni michezo ambayo mimi sikuifikiria.

TV ikizimwa ndo somo linaanza, na hapa naomba unisome vizuri. Chukua kilichofundishwa leo ukilete kwenye vitu anavyovishika. Kama ni namba nne, siku nzima ni nne: niletee vizibo vinne, weka vijiko vinne mezani, ngazi tupande nne alafu tusimame. Akileta vitano usimwambie umekosea, weka chini mhesabu wote ukigusa kimoja kimoja, alafu ukifika mwisho zungushia mkono vyote useme "vyote ni vitano, mimi nilitaka vinne, tutoe vingapi?" Ule mkono wa kuzungusha ndo uliomsaidia wangu, hapo ndo alielewa kwamba namba ya mwisho ndo jina la fungu zima. Ilichukua kama wiki tatu za viazi, maharage na vizibo vya soda.

Kuna kitu kingine ambacho Kiswahili chetu kinacho na wimbo wa katuni hauwezi kukimaliza. Mtoto anajifunza moja mbili tatu, lakini nyumbani anasikia viatu VIWILI, maembe MAWILI, kuku WAWILI, nyumba MBILI. Kwa mtoto hayo ni maneno manne tofauti mpaka ayasikie mara nyingi yakiwa na vitu vyenyewe. Alafu sita, saba na tisa hazibadiliki, nane inabadilika. Atasema maembe mbili, usimcheke, wewe mjibu tu "ndio, maembe mawili, nipe moja" na maisha yanaendelea. Ongea naye ukihesabu vitu halisi, mayai sokoni, watu kwenye kiti cha daladala, atajipanga mwenyewe.

Herufi nazo zina mtego wake. Watoto wengi wanaimba ABC ya Kiingereza kabla hawajagusa a e i o u. Sasa herufi E kwa Kiingereza inaitwa kama tunavyotamka I yetu, na I inaitwa "ai". Mtoto anafika chekechea mwalimu anasema andika i, anaandika e, anaonekana mzito kumbe alifundishwa vizuri lugha nyingine. Ushauri wangu, kama shule atakayoenda ni ya Kiswahili, anza na katuni za Kiswahili, akishika sauti tano na silabi kama ba be bi bo bu ndo umletee nyimbo za Kiingereza. Kama anaenda ingilishi midiamu, zitenganishe, wiki hii Kiingereza, wiki ijayo Kiswahili, usichanganye kwenye kipindi kimoja. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, mtoto akishika silabi atasoma jina lake kwenye daftari na maneno kwenye mfuko wa unga, ni furaha ambayo sijui niielezeje.

Kuzima TV bila kilio: mwambie kabla ya kuwasha, "tunaangalia kimoja, ukiisha wimbo wa mwisho wewe ndo unabonyeza rimoti". Mpe yeye rimoti kweli. Na uwe tayari na kitu cha kufanya papo hapo, kibakuli cha maharage, kipande cha chaki, au mtoke nje mcheze ukuti ukuti. Ukizima alafu ukamwacha hana la kufanya lazima alie. Siku mbili za kwanza wangu alilia, ya tatu akabonyeza mwenyewe akaenda kuchukua vizibo vyake. Na usiwashe TV karibu na kulala, usingizi unasumbuka, hapo weka hadithi au vitendawili, kitendawili, tega, hata gizani vinakwenda.

Umeme ukikatika katikati ya kipindi usihangaike kutafuta simu. Muulize, unadhani Akili atafanya nini sasa? Alafu mwache akusimulie mwisho wake mwenyewe.