Namna ya Kuilinda Imani Baada ya Mvua Kuharibu Mavuno

Maelezo haya ni kwa ajili ya mkulima mdogo wa Mtwara au Lindi, Mwislamu au Mkristo, ambaye msimu umemwisha mikononi na ambaye sasa anaona uzito hata wa kunyanyua mikono kuomba. Katika mikoa hii mvua huharibu kwa njia nyingi. Mwaka mwingine hukatika mahindi yakiwa yanataka kubeba, isirudi mpaka mimea imekauka. Mwaka mwingine huzidi mwishoni, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani na mvua zake zikaikata barabara kuu wilayani Kilwa, wakati ambao ufuta wa mashamba mengi huwa unakaribia kukatwa. Nyingine hunyesha mikorosho ikiwa imechanua, ikapukutisha maua na kuiosha dawa ya salfa iliyopulizwa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, au hunyesha wakati wa kuokota, korosho zikalala chini na unyevu, zikaingia madoa na kushushwa daraja ghalani.

Imani ya mkulima aliyepatwa na mambo haya mara nyingi haivunjwi na njaa yenyewe, bali na hesabu anayoifanya moyoni: nilisali, nilitoa, nililima kwa wakati, basi kwa nini nimenyimwa? Hesabu hiyo huchukulia kwamba kulikuwa na mkataba ambao upande mmoja haukuutimiza. Kurani na Biblia hazikutoa mkataba wa namna hiyo. Sura ya Al-Baqara, aya ya 155, inataja waziwazi kwamba waumini watajaribiwa kwa hofu, njaa, upungufu wa mali na watu, na upungufu wa matunda. Na nabii Habakuki, katika sura ya 3, anauwaza mwaka ambao mtini hauchanui na mashamba hayatoi chakula, na bado anamfurahia Mungu wake. Hasara ya shamba imetajwa humo kuwa jambo linalowapata watu wenye imani, kwa hiyo kupatwa nayo si dalili kwamba umefukuzwa mlangoni.

Hata hivyo, usianze na hoja hizi katika siku za kwanza. Anza na kulia. Wapo watakaokuja barazani na kukuambia upesi kwamba ni mapenzi ya Mungu, unyamaze. Nia yao ni njema, lakini wanakuharakisha. Nabii Yakubu, alipompoteza Yusufu, alisema kwamba anamshtakia Mwenyezi Mungu huzuni yake, na Ayubu aliomba akisema madhara yamemgusa; hakuna kati yao aliyehesabiwa kuwa mkaidi kwa kusema hivyo. Mkristo naye anayo Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Bwana hata lini. Tofauti ya kumpelekea Mungu malalamiko na kumlaumu mbele za watu ni kubwa: anayempelekea bado anazungumza naye. Kwa hiyo, baada ya sala ya usiku, itaje hasara yako kama ilivyo, eka kwa eka, pamoja na ada ya mtoto iliyokuwa inategemea ufuta ule na deni la pembejeo linalosubiri. Dua ya namna hii huisemi kwa ajili ya watu, hivyo iseme kwa lugha unayoilia, iwe Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua.

Machozi yakipungua, ndipo ufanye hesabu ya haki, na kwangu mimi hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Nenda shambani ukiwa na mtu mmoja unayemwamini, mke, mume au jirani anayelijua shamba lako, mlipite lote na kutenganisha mambo matatu: kilichoharibiwa na anga, kilichoharibika kwa kuchelewa au uzembe wako, na kilichopotea kwa mkono wa watu wengine. Kimbunga ni cha anga. Ufuta uliopandwa Machi kwa sababu jembe lilichelewa kushikwa, ukakutwa mbichi mvua zilipokoma, una sehemu yako ndani yake. Salfa iliyoletwa maua yakiwa yameshapigwa na ugonjwa ni ya aliyeichelewesha. Watu wengi hulichanganya fungu la pili na la kwanza, wakamtwika Mungu kuchelewa kwao. Na wengine, hasa wanawake wanaolima peke yao, hufanya kinyume chake, wakajitwika wenyewe mvua ambayo hakuna mkono wa binadamu uliokuwa na uwezo wa kuizuia. Makosa yote mawili huidhuru imani, kwa sababu la kwanza humfanya Mungu aonekane katili na la pili humfanya mtu ajione hastahili kumkaribia. Fungu la kwanza mkabidhi Mungu, la pili lirekebishe msimu ujao, na la tatu lipeleke kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, mahali ambapo malalamiko huandikwa.

Kutakuja pia watu wenye majibu yao. Mmoja atasema umetenda dhambi. Ni kweli kwamba Kurani, katika Sura ya Ash-Shura, aya ya 30, inawaambia watu kuwa misiba hutokana na yaliyochumwa na mikono yao, na kwamba Mwenyezi Mungu husamehe mengi. Lakini aya hiyo ni ya mtu kujitazama mwenyewe na kutubu, haijampa jirani ruhusa ya kupita nyumba kwa nyumba akihukumu. Yesu naye, katika Luka sura ya 13, alipozungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Tena mvua iliyolowesha korosho zako ililowesha pia za sheikh na za padri.

Mwingine, na huyu ni wa hatari zaidi, atakuambia kwamba mavuno yako yamechukuliwa kwa uchawi, na atakutajia bibi fulani wa kijijini, au atakushauri uchange fedha isomwe halbadiri ili mbaya wako ajulikane. Kataa bila kusitasita. Kimbunga kilichoonekana baharini siku kadhaa kabla hakijatolewa kwenye tunguri ya mtu, na shamba la huyo bibi nalo, ukienda kulitazama, limelala chini. Anayetafuta mchawi huanza na hasara ya gunia na kumaliza na hasara ya mtu, kisha anarudi msikitini au kanisani akiwa na jambo la kuficha. Fedha ya mganga inunue unga.

Sasa yafuata mambo ya wajibu, ambayo huwatesa maskini kimyakimya kwa sababu wanaona aibu kuyauliza. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, zaka ya mazao huangukia vyakula vya kujikimu vinavyowekeka ghalani, kama mtama, mahindi na mpunga, na kiwango chake ni wasaki tano, ambazo kwa makadirio ya kawaida huzidi kidogo kilo 650. Yanayonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi. Kilichoangamia shambani bila uzembe wako hakihesabiwi, na kilichosalia kikiwa chini ya kiwango, huna zaka ya kutoa. Badala yake huenda wewe mwenyewe umeingia katika makundi ya wanaostahili kupewa, kwa kuwa Sura ya At-Tawba, aya ya 60, inawataja mafakiri, maskini na wenye madeni. Nadhiri nayo ina hukumu yake: ukiwa ulisema utachinja mbuzi endapo utavuna kiasi fulani, na hukukivuna, sharti halikutimia na mbuzi hadaiwi. Kwa Mkristo, fungu la kumi ni la mazao yaliyopatikana, na Kumbukumbu la Torati 16:17 inasema mtu atoe kadiri ya baraka aliyopewa. Pale unapobaki na shaka, muulize sheikh au mchungaji ana kwa ana, na umweleze hali yako yote.

Deni ni gumu kuliko zaka, kwa sababu mwenye kudai ana njaa kama yako. Mwendee kabla hajakufuata, umweleze ulichonacho na tarehe unayoweza kuitimiza. Al-Baqara 280 inaamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka mambo yamwendee vizuri, na inasema kusamehe ni bora zaidi. Anayekudai akiwa mtu wa dini, si vibaya mzee wa msikiti akamkumbusha kwa upole. Usikimbilie kangomba. Mlanguzi anayekupa fedha leo ili achukue korosho zako za msimu ujao kwa bei na kipimo anachokitaka mwenyewe anakufanya uupoteze mwaka wa pili kabla haujafika, na biashara hiyo imepigwa marufuku. Sherehe za jando na unyago zinazofuata mavuno zinaweza kusogezwa, au watoto wakaingizwa pamoja na wa ndugu na gharama ikagawanywa. Watu watasema, kisha watanyamaza.

Usiache ibada ya jamaa kwa sababu kanzu imechakaa au huna cha kutia kwenye kapu la sadaka. Wengi hupotelea hapo, si kwa kukana imani bali kwa kuona haya Ijumaa moja au Jumapili moja, kisha nyingine, mpaka kurudi kunahitaji maelezo. Nenda ukae mahali pako pa siku zote. Ukipewa debe la mtama au makopa, pokea na uombe dua kwa aliyekupa.

Kisha rudi kulima. Mtume Muhammad alipoulizwa kuhusu ngamia alijibu afungwe kwanza ndipo Mungu ategemewe, na alifundisha kwamba kinacholiwa na ndege, mtu au mnyama katika mmea wa Mwislamu huandikwa kuwa sadaka. Maana yake hata kilichodonolewa na kwale mwaka huu hakikupotea chote. Usiweke shamba zima kwenye zao moja. Ongeza mihogo, changanya mbaazi, ambazo huvunwa kiangazi mvua zikiwa zimeshaondoka, na usidharau ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, katika miezi ya njaa. Sikiliza utabiri wa mvua za msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya Novemba, kwani kuusikiliza hakupunguzi dua. Mbegu itenge kabla ya matumizi mengine yote, uiweke mahali pakavu, na uwaambie watu wa nyumbani kwamba haipikwi wala haiuzwi. Ukiwa huna kabisa, iombe kwa jirani mapema, Septemba au Oktoba, kabla kila mtu hajaanza kuipimia ya kwake.